Povu si usafi

Sabuni ya vyombo huuzwa kwa povu. Tangazo ni lile lile miaka yote: tone moja linaangukia sufuria yenye mafuta, povu linafunika kila kitu, vyombo vinameta. Somo hilo tumelishika barabara. Povu likiisha kwenye beseni tunaongeza sabuni, hata kama vyombo vimeshatakata. Gazeti hili linasema povu halisafishi. Kinachosafisha ni chembe za sabuni zinazoshika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili, na kazi hiyo hufanyika hata povu likiwa haba. Povu la ziada ni fedha iliyomwagwa mtaroni, na huko mtaroni ndiko hasara ya pili inakoanzia.

Hasara hiyo tunaipima kwa mambo matatu: kiasi kinachomwagwa, mahali maji yanakoishia, na kifungashio kinachobaki. Tukizipanga bidhaa za jikoni kwa vipimo hivyo, baadhi ya zinazosifiwa zinashuka, na baadhi ya zinazodharauliwa zinapanda.

Tuanze na maji. Katika miji mingi ya Ulaya maji ya sinki huingia bombani na kupelekwa kwenye mtambo ambako hewa hupulizwa, bakteria hula sabuni, na kinachosalia ndicho kinachofika mtoni. Dar es Salaam kaya nyingi hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Maji ya vyombo huenda kwenye karo, kwenye shimo la choo, mtaroni au uani palepale. Sehemu ndogo tu ndiyo inayofika kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka kama yale ya Vingunguti. Kinachoingia mtaroni huweza kuangukia Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Nairobi nako ni hivyo hivyo: Mto Nairobi huingia Athi, Athi hugeuka Galana, Galana hugeuka Sabaki, na Sabaki hufika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Wakazi wa Mwanza, Kisumu na Kampala wana hali ngumu zaidi, kwa sababu ziwa linalopokea maji yao machafu ndilo ziwa wanalochota maji ya kunywa.

Hali hii inabadilisha maana ya maneno yaliyoandikwa kwenye chupa. Kiambato kikuu cha sabuni nyingi za unga na za maji ni kile ambacho wachanganyaji wa mitaani hukiita salfoniki. Huoza vizuri palipo na hewa. Ndani ya karo au shimo la choo hakuna hewa, na humo hukaa muda mrefu. Mtoni nako huchukua siku kadhaa kuoza, na kabla siku hizo hazijatimia, sabuni iliyovunja mafuta ya pilau inaharibu matamvua ya samaki. Anayeosha masufuria mtoni kwa sabuni yenye picha ya jani la kijani anachafua mto kama yule mwenye sabuni isiyo na picha. Vyombo vioshwe mbali na maji yanayotiririka, na beseni limwagwe kwenye udongo.

Wapo watakaosema sabuni haiwezi kubadilishwa. Ilishabadilishwa. Miaka ya 1950 sabuni za Ulaya na Marekani zilikuwa na kemikali yenye matawi ambayo bakteria walishindwa kuivunja. Mito ilifunikwa na povu, na sehemu nyingine za Marekani hata maji ya visima yalitoka yakiwa na povu. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, ikaanza kubana mwaka 1964. Viwanda vya Marekani vikaacha kemikali hiyo mwaka 1965 na kushika ile isiyo na matawi, ambayo ndiyo salfoniki ya leo. Povu likapungua mitoni, na hakuna aliyelalamika kwamba sahani zimebaki na mafuta.

Sasa tuingie jikoni. Kabla ya bidhaa yoyote kuna kazi isiyouzwa dukani, nayo ni kukwangua. Mara nyingi mzigo mkubwa katika maji ya vyombo ni mafuta na chakula kilichobaki, si sabuni. Bakteria wanaoozesha mafuta hayo hutumia hewa iliyomo majini, na hewa hiyo ndiyo samaki wanayoipumua. Ukoko na mabaki yaende kwa kuku au kwenye shimo la mbolea. Sufuria la maini ya kukaanga lifutwe kwa karatasi au ganda la mgomba kabla ya kuguswa na maji. Mafuta yaliyochoka ya chipsi na mihogo yasimwagwe mtaroni kamwe. Yakipoa huganda na kuziba bomba, na mvua ya kwanza hurudisha uchafu wote barazani. Anayekwangua vizuri hutumia sabuni kidogo na maji kidogo, iwe ni ya aina yoyote ile.

Kwa kuosha vyombo vya kawaida, tunaiweka sabuni ya mche, ile wenzetu wa Kenya wanayoiita ya kipande, mbele ya zote. Ni mafuta na kostiki soda iliyokwisha kufanya kazi yake. Huoza upesi kuliko salfoniki, hata pasipo hewa. Haibebi maji kutoka kiwandani, kifungashio chake ni kidogo, na mkono huchukua kile unachohitaji tu. Maji yake yaliyopoa yanaweza kumwagiliwa mgomba au mpapai bila kuuumiza mti, mradi usimwagilie shina lile lile kila siku.

Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni maji magumu. Kwenye visima vya mwambao na visiwani, ambako maji hupita katika mawe ya matumbawe, chokaa iliyomo hushikana na sabuni na kuwa utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Hapo mtu husugua nusu ya mche bila mafanikio, na sabuni ya maji, ikitumiwa kwa kipimo, inakuwa nafuu kwake na kwa mazingira. Kasoro ya pili ni mawese. Sabuni nyingi leo hutokana na mafuta ya mawese, na sehemu kubwa ya mawese ya dunia hutoka Indonesia na Malaysia, ambako misitu mingi ilikatwa kupisha mashamba hayo. Sabuni za maji nazo haziepuki lawama, maana malighafi zao hutoka kwenye kokwa za mchikichi huo huo au kwenye mafuta ya petroli. Kigoma ina michikichi ya wakulima wadogo na mafundi wanaojua kutengeneza sabuni ya mawese tangu zamani. Mnunuzi anayetaka kujua mti uliozaa sabuni yake ana pa kuanzia.

Sabuni ya maji inafuata. Ubaya wake si mkubwa ikitumiwa kwa uangalifu, ila haitumiwi hivyo. Humiminwa moja kwa moja juu ya sponji, kisha inaminywa tena. Msomaji ajue jambo moja kuhusu uzito wake. Mchanganyaji akitaka sabuni ionekane nzito huongeza chumvi, na chumvi hiyo huikaza hata kama sabuni yenyewe ni kidogo. Uzito hauonyeshi nguvu, wala rangi ya kijani haionyeshi limau. Weka kijiko kimoja kwenye beseni la maji, chovya sponji humo, na uache chupa ipumzike. Kwa nafasi hiyo hiyo tunawasifu wauzaji wanaojaza upya chupa za wateja. Kila lita inayouzwa kwenye chupa iliyorudishwa inaepusha chupa nyingine ya plastiki. Sharti letu ni chupa yenyewe: sabuni isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda bila maandishi. Mtoto haulizi kabla ya kunywa.

Ya mwisho kwa vyombo ni sabuni ya unga. Tunajua ndiyo iliyopo katika nyumba nyingi, na sababu yake inaeleweka: pakiti ndogo hupatikana kwenye duka la mtaani kwa sarafu chache. Lakini imetengenezwa kwa nguo. Ina soda, ina chumvi za kujazia, na mara nyingi ina kemikali inayong'ang'ania kitambaa ili nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Kwenye sahani kemikali hiyo haina kazi; inasuuzwa tu na kwenda na maji. Chumvi zake zikimwagwa uani kila siku hugandisha udongo, na bustani inadumaa. Soda yake nayo ina historia karibu nasi. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa soda kwa zaidi ya miaka 100, na mpango wa kujenga kiwanda kando ya Ziwa Natron ulipingwa vikali miaka ya 2000 kwa kuwa hapo ndipo heroe wadogo, wale flamingo wa waridi, huzaliana kwa wingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki.

Na vile vipakti. Kila kimoja ni tabaka za plastiki zilizobanwa pamoja, hakuna mwokota chupa anayekinunua, hakuna kiwanda kinachokitaka. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, Kenya ilitangulia mwaka 2017, na Rwanda ilitangulia zaidi. Mifuko imepungua mitaroni. Vipakti vimebaki, kwa sababu vifungashio vya viwandani vililindwa na sheria hizo hizo. Mnunuzi maskini halaumiwi hapa. Ananunua kipimo kinacholingana na mfuko wake, na kwa gramu analipa zaidi kuliko tajiri anayebeba mfuko wa kilo tano. Anayepaswa kujibu ni kiwanda kilichoamua kumuuzia kipimo kidogo ndani ya taka ya kudumu, badala ya kumwekea pipa dukani apimiwe kwenye kopo lake.

Kuhusu unga kuna neno lingine: fosfati. Huongezwa ili kulainisha maji magumu, na kwa kazi hiyo ni hodari. Ikifika ziwani inakuwa mbolea. Mwaka 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo la Kanada, Ziwa 226, kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani kwa mwani, mwingine ukabaki kama ulivyokuwa. Mwaka mmoja kabla ya jaribio hilo, Marekani na Kanada zilikuwa zimetia saini mkataba wa kuokoa Maziwa Makuu, na fosfati ya sabuni ikabanwa. Ziwa Erie likapata nafuu. Umoja wa Ulaya ulibana fosfati kwenye sabuni za kufulia za nyumbani mwaka 2013 na kwenye za mashine za vyombo mwaka 2017.

Hatusemi sabuni ndiyo iliyoleta magugu maji na mwani katika Ziwa Victoria. Rutuba nyingi inayoingia ziwani hutoka kwenye udongo uliomomonyoka, mashamba, moshi na vumbi vinavyoshuka na mvua, na vyoo vya miji. Ziwa Erie lenyewe liliugua tena kwa mbolea ya mashambani, hadi mji wa Toledo ukawaambia wakazi wake wasinywe maji ya bomba mwezi Agosti 2014. Hata hivyo kuzuia mmomonyoko wa mabonde yote ya Kagera na Mara ni kazi ya vizazi. Kutoa fosfati ndani ya pakiti ni kazi ya saini moja. Hatuoni sababu ya kuacha kazi nyepesi kwa kisingizio kwamba ile nzito bado.

Jiki, yaani dawa ya klorini ya kutakasia, ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni ndogo. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa nchini, klorini iliokoa maisha. Hatutamwambia mtu aache kutakasa chombo cha maji ya kunywa. Lakini kumwaga jiki kila asubuhi kwenye sinki na sakafu ni kupoteza. Uchafu huimaliza nguvu kabla haijafikia vijidudu, hivyo lazima sabuni itangulie. Na palipooshwa vizuri kwa sabuni, mara nyingi hakuna tena cha kuua. Ikikutana na uchafu huzaa kemikali za klorini zisizooza upesi. Ikimwagwa kwa wingi kwenye karo huua bakteria wanaotusaidia kuozesha majitaka, na gari la kunyonya huitwa mapema. Hatari kubwa ni kuichanganya. Jiki na limau, jiki na siki, au jiki na dawa kali ya choo hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Jikoni dogo lisilo na dirisha si mahali pa kufanya majaribio.

Sabuni zinazotangazwa kuua vijidudu kwa asilimia kubwa hatuzihitaji kwa vyombo. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa triklosani na viambato vingine 18 kwenye sabuni za kunawa za kaya, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Tunalipa zaidi kwa neno lililoandikwa kwenye lebo, na mto unapokea kemikali usiyoihitaji.

Dawa za asili nazo tuzitazame bila mapenzi. Limau na siki huondoa ukoga wa chokaa kwenye birika na harufu ya samaki kwenye ubao, mafuta haziyawezi. Magadi hulegeza mafuta yaliyoganda. Vikichanganywa pamoja huchemka kwa mbwembwe, kisha kila kimoja kimemaliza nguvu ya mwenzake. Majivu ni hodari kuliko watu wa mjini wanavyodhani: yana alikali inayogeuza mafuta ya sufuria kuwa aina ya sabuni, na punje zake hukwangua masizi. Penye jiko la kuni majivu hayana gharama. Asije mtu akawasha mkaa ili apate majivu, wala asipashe beseni zima la maji kwa mkaa kila jioni. Huko Ulaya nishati ya kupashia maji moto ndiyo mzigo mkubwa wa kuosha vyombo kuliko sabuni yenyewe. Wengi wetu tunaosha kwa maji baridi, na hiyo ni faida tuliyonayo bila kujisifu. Maji ya moto yabaki kwa sufuria yenye mafuta.

Kwa kusugulia, dodoki na makumbi ya nazi vinashinda. Vinaota uani au vinabaki baada ya kukuna nazi, na vikichakaa vinaoza. Sponji ya dukani ni plastiki inayomeguka vipande vidogo kila inaposuguliwa, na vipande hivyo hupita na maji. Stilwaya ya chuma huliwa na kutu, si mbaya, ila nyuzi zake zisiachwe kwenye ugali wa mtu.

Tunajua mama lishe mwenye mabeseni matatu na ndoo mbili za maji za kununua hana muda wa hotuba. Ndiyo maana madai yetu makubwa hayaelekezwi kwake.

Tunaitaka TBS, shirika la viwango la Tanzania, pamoja na wenzao wa Zanzibar na wa nchi jirani wanaokaa meza moja kuandaa viwango vya Afrika Mashariki, waweke tarehe ya mwisho ya fosfati katika sabuni zote za nyumbani. Tunataka kila pakiti na chupa itaje viambato vyake kwa Kiswahili na ionyeshe kipimo cha beseni moja. Mtu anaelekezwa vijiko vya dawa ya kikohozi, hashindwi kuelekezwa kijiko cha sabuni. Neno lolote la kusifu mazingira lithibitishwe kwa hali ya karo na mitaro yetu, au lifutwe.

Tunavitaka viwanda viwajibike kwa vipakti. Ama vivikusanye, ama viwekeze kwenye kupima sabuni dukani. Wizara na NEMC, baraza la mazingira, waliweza kuondoa mfuko wa plastiki wa rambo. Hawawezi kusema kipakti kimewashinda.

Tunawataka SIDO, shirika la viwanda vidogo, na halmashauri wawafikie wachanganyaji wa sabuni za maji mitaani, wengi wao akina mama wa vikundi, si kwa kuwafukuza bali kwa kuwafundisha vipimo na kuwaondolea formalini. Katika maelekezo mengi yanayozunguka imo kemikali hiyo ya kuhifadhia maiti, ili sabuni isiharibike. Gesi yake iliwekwa na watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 2004. Anayeivuta zaidi ni yule mama anayekoroga pipa bila barakoa.

Na msomaji asisubiri kikao cha viwango. Jioni ya leo akwangue sahani, afute mafuta, apunguze sabuni kwa nusu ya mazoea yake, kisha aangalie vyombo badala ya kuangalia povu. Visipotakata, aongeze. Tunaamini wengi hawataongeza.